Waya Usioandikwa Wati Usinunuliwe

Mtu anayenunua mawese Rumonge, mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hauziwi kwa umbo la chombo. Huuliza lita ngapi, huonyeshwa kidumu cha lita 5 au cha lita 20, na bei hufuata kipimo. Sogea hatua chache hadi kwenye vibanda vya simu na vifaa vya umeme, uone biashara inavyogeuka. Mteja anaomba chaja ya laptopu, "ile ya Taipu C". Muuzaji anachomoa waya kwenye fungu, mteja anajaribu kama kichwa kinaingia, kinaingia, analipa, anakwenda zake. Katika maongezi yote hayo hakuna aliyetaja wati hata moja. Usiku laptopu imechomekwa tangu magharibi na bado inasoma asilimia ileile, au inashuka huku imechomekwa. Hapo lawama huanza: ni kiwanda, ni muuzaji, ni betri imekufa.

Mara nyingi wote watatu hawana hatia. Kosa liko kwenye ununuzi wenyewe, kwa sababu tumepima kwa jicho kitu kinachopimwa kwa nambari. Kichwa kuingia kwenye tundu ni jambo moja, umeme kufika kwenye betri ni jambo jingine kabisa. Ninachodai hapa ni mambo mawili. Mnunuzi wa mwambao huu aanze kuuliza wati kabla ya kuuliza bei, na wenye mamlaka ya viwango wamlazimishe mwagizaji wa bidhaa kuziandika wati hizo mahali zinapoonekana.

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo kwa nchi yenye shida kubwa. Nadhani ni kinyume chake. Mahali ambapo umeme hauzimiki, waya dhaifu ni kero tu; mwenye laptopu ataiacha ukutani usiku kucha na asubuhi ataikuta imejaa. Kwetu hakuna usiku kucha wa uhakika. Benki ya Dunia imekuwa ikikadiria kwamba ni karibu mtu mmoja tu katika kila kumi nchini Burundi anayepata umeme. Mradi wa mito ya Jiji na Mulembwe, huku huku kwetu kusini, umebuniwa kutoa karibu megawati 50, na maporomoko ya Rusumo yana megawati 80 za kugawana kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Ni habari njema, na tunazingoja nyaya zake zifike mitaani. Lakini leo hii umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la taifa, unakuja na kuondoka, na petroli ya kuwashia jenereta imekuwa ya kutafutwa kwa miaka kadhaa sasa.

Kwa hiyo tufanye hesabu ya saa mbili, maana mara nyingi hizo ndizo tunazopewa. Chukua laptopu ya kawaida ya ofisini yenye betri ya wati-saa 50. Ukiichomeka kwenye chaja yenye wati 10, na laptopu imezimwa, saa mbili zitaingiza wati-saa 20 kwa bahati nzuri, yaani chini ya nusu. Ukiiwasha na kufanya kazi, laptopu yenyewe hula wati 10 hadi 15, kwa hiyo hutaongeza kitu. Ukiichomeka kwenye chaja ya wati 65 kwa waya unaoimudu, saa mbili hizo hizo zitaijaza karibu yote huku unaendelea kuandika. Umeme ni uleule na mteja ni yuleyule. Tofauti ni kwamba mmoja aliuliza nambari na mwingine hakuuliza. Kwa mwalimu anayeandaa matokeo, kwa karani wa ushirika wa wavuvi mwenye daftari lake ndani ya kompyuta, kwa kijana mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, hiyo ndiyo tofauti kati ya siku ya kazi na siku ya kukaa.

Sasa tuyaangalie matundu yenyewe. Lile la mstatili mpana, USB-A, lilizaliwa 1996 kwa ajili ya kuunganisha kipanya, kibodi na printa. Lilipewa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, na hata lilipoboreshwa baadaye likabaki na kazi ileile: kwenye laptopu, USB-A hutoa umeme, haipokei. Mitaani zipo nyaya zenye kichwa cha USB-A pande zote mbili, na wapo wanaoamini kwamba zitapeleka umeme kutoka chaja ya simu hadi ndani ya laptopu. Hazitapeleka, na zinaweza kuunguza saketi. Tundu la HDMI nalo ni la picha, na la intaneti ya waya ni la intaneti. Hayo yote myaondoe kwenye orodha.

Kuna mtego hapa. Laptopu nyingi huwa na mchoro mdogo wa betri au wa radi kando ya tundu moja la USB-A. Mtu akiuona hufurahi kwamba amepata mahali pa kuchajia. Maana yake ni kwamba tundu hilo linaweza kuchaji simu yako hata laptopu ikiwa imezimwa. Umeme unatoka, hauingii. Mchoro wa radi ukiwa kando ya tundu la USB-C mara nyingi ni alama ya Thunderbolt, njia ya kasi ya kupitisha data na picha. Matundu ya aina hiyo kwa kawaida hupokea chaji, ila alama yenyewe haikuwekwa kutangaza chaji.

USB-C, lile tundu dogo la mviringo wa yai ambalo kichwa chake hakina juu wala chini, lilitangazwa 2014. Lina pini 24, na ndani ya umbo hilo moja watengenezaji wanaruhusiwa kuweka vitu tofauti sana. Kuna USB-C ya data peke yake. Kuna ya data na picha. Kuna inayopokea umeme wa kujaza betri. Kwa macho zote ni ndugu pacha. Kama mtengenezaji hakuunganisha tundu hilo na saketi ya kuchaji, hakuna waya wala chaja duniani itakayolifanya lipokee, hata ungenunua ya bei ghali kuliko laptopu yenyewe.

Mtu atajuaje? Njia ya kwanza na ya hakika zaidi ni kuuliza laptopu ilizaliwa na chaja gani. Ikiwa chaja yake ya asili ina kichwa cha USB-C, suala limekwisha. MacBook ya 2015 ilikuja na tundu moja tu la USB-C kwa kila kazi, MacBook Air ikafuata 2018, na ThinkPad T480 ya mwaka huo huo wa 2018 ilikuja na matundu mawili ya namna hiyo bila lile la zamani la chaja. Ikiwa laptopu ina tundu la duara na USB-C kwa pamoja, usiamini wala usikatae. Soma jina kamili la modeli chini yake na utafute sifa zake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Na ikiwa unainunua kwa mtu aliyeileta kutoka Dubai, Kampala au Dar es Salaam, mwambie aichomeke mbele yako na uone alama ya kuchaji kwenye skrini kabla ya kufungua mkoba. Muuzaji mwaminifu hawezi kuchukizwa na ombi hilo.

Tundu likishakubali, inabaki chaja. Chaja na laptopu za USB-C hupatana kabla umeme mkubwa haujapita. Utaratibu huo unaitwa USB Power Delivery, kwa kifupi PD. Waya ukichomekwa, chaja huanza na volti 5 za usalama, kisha hutaja viwango inavyoweza kutoa: volti 5, 9, 15 au 20, na ampea za kila kimoja. Laptopu huchagua. Kwa ampea 5, volti 20 hufikisha wati 100, na toleo la 2021 liliongeza volti hadi 48 na wati hadi 240. Laptopu nyingi za ofisini zinahitaji zile volti 20. Chaja isiyokuwa na volti hizo haina cha kuzungumza na laptopu hizo.

Haya yote yameandikwa kwenye chaja yenyewe, kwa maandishi madogo ambayo hatuyasomi. Tafuta neno OUTPUT. Ukiona mwishoni mwa mstari 20V na 3.25A, zidisha: ni wati 65. Ukiona mstari unaishia kwenye 5V au 9V, hiyo ni chaja ya simu, hata kama ganda limeandikwa herufi kubwa za kuvutia. Simu nyingi tunazonunua sasa huja na chaja zilizoandikwa wati 33, 45 au zaidi, na mwenye nazo hushangaa kwa nini haziijazi laptopu. Nyingi kati ya hizo hutoa wati hizo kwa simu za kampuni yake tu, kwa utaratibu wake yenyewe, na zikikutana na mgeni hurudi kwenye wati 10 au pungufu. Na chaja yenye matundu mawili huweza kutoa wati 65 ikiwa na mzigo mmoja, lakini ukichomeka simu kwenye tundu la pili hugawa, na laptopu ikabaki na 45 au chini ya hapo.

La tatu ni waya, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Waya wa USB-C pande zote mbili uliotengenezwa vizuri hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ili kubeba ampea 5, waya lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa inayojitambulisha kwa chaja. Bila chipu hiyo chaja ya wati 100 itajizuia yenyewe isipite wati 60, na ni vema ijizuie. Waya wenye USB-A upande mmoja na USB-C upande wa pili hauwezi kupeleka volti 20 kwa laptopu, hata uwe mnene kama kamba ya nanga. Kwa jicho hutaiona chipu. Kwa kidole hutaisikia. Kinachobaki ni maandishi, na shirika la USB-IF linalosimamia viwango hivi liliweka tangu 2021 nembo za nyaya zilizopimwa, zikisema wazi wati 60 au wati 240.

Asidhani mtu kwamba vurugu hizi ni zetu peke yetu. Kuanzia mwishoni mwa 2015, mhandisi wa Google aitwaye Benson Leung alijitolea kununua nyaya za USB-C zilizokuwa zikiuzwa na Amazon, akazipima moja moja na kuandika hadharani ipi ni nzima na ipi ni hatari. Februari 2016 alichomeka waya mmoja ambao nyaya zake za ndani zilikuwa zimeunganishwa kinyume, na laptopu yake ikaharibika pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ilipiga marufuku kuuza nyaya za USB-C zisizofuata viwango. Ikiwa duka kubwa namna hiyo lilihitaji kusukumwa na mteja mmoja msumbufu, hakuna aibu kwa soko la Rumonge kuhitaji wateja wasumbufu mia moja.

Laptopu nyingi zinazotufikia, hata hivyo, ni za zamani, na tundu lao ni la duara au la mstatili wa kampuni moja. Hapa kichwa kuingia ni hatari zaidi, maana chaja hizi hazipatani kabla ya kutoa. Hutoa volti zake tangu zinapowashwa. Nyingi za HP na Dell ni volti 19.5, na za Lenovo ni volti 20. Volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea za chaja zikizidi si neno, zikipungua ni tatizo. Tena Dell na HP huweka pini nyembamba katikati ya kichwa kwa ajili ya kuitambua chaja. Dell isipoitambua, laptopu itawaka na kufanya kazi, lakini betri haitajazwa. Mafundi wetu wamebadilisha betri nyingi nzima kwa sababu ya pini hiyo moja iliyopinda au chaja ya kuiga isiyojitambulisha.

Sasa nije kwenye faida, kwa sababu sitaki kuwaachia wasomaji woga. Mwambao huu umeshazoea betri kuliko miji mingi. Wavuvi wa ndagala, ambao huwavuta samaki kwa mwanga katika usiku usio na mbalamwezi, wameziacha karabai za mafuta ya taa na kuchukua taa za LED zinazowashwa kwa betri, na sola imekuwa kitu cha kawaida juu ya mabati kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac. Betri hizo nyingi ni za volti 12. Na chaja ya gari yenye PD, ile inayotiwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, hupokea volti 12 au 24 na kutoa hadi volti 20 kwa laptopu moja kwa moja.

Watu wengi bado hupitia inveta. Umeme wa betri hupandishwa kuwa volti 220, kisha chaja ya laptopu huushusha tena kuwa 20. Kila hatua hula sehemu yake na kuitoa kama joto, na inveta yenyewe huendelea kunywa betri hata laptopu ikiwa imejaa. Ukiiondoa inveta kati, betri ileile inakupa saa zaidi. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukiilinda usiimalize zaidi ya nusu, kama betri za asidi zinavyotaka, una 600, na hata baada ya upotevu wa njiani ni kama kujaza laptopu yetu ya wati-saa 50 mara 10. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84 tu. Nusu yake haijazi laptopu hiyo hata mara moja, kwa hiyo msiitese. Na paneli ndogo za nyumbani zinazotoa USB ya volti 5 ni za simu na taa. Asiwepo wa kuunganisha paneli moja kwa moja na laptopu: paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 20 na zaidi ikiwa haina mzigo, na hupanda na kushuka kwa kila wingu.

Hata laptopu ya zamani ina njia. Kuna nyaya zenye USB-C upande mmoja na kichwa cha duara upande wa pili, zenye chipu inayoiomba chaja ya PD volti 20 kwa niaba ya laptopu isiyojua kuomba. Ukiipata iliyotengenezwa kwa modeli yako, chaja moja ya gari itatosha kwa simu, kwa laptopu mpya na kwa ile kongwe. Nyumba yenye chaja moja nzuri na nyaya mbili zinazojulikana wati zake imekaa vizuri kuliko nyumba yenye kapu la chaja kumi zisizojulikana.

Hoja ya umaskini najua itakuja: waya wenye maandishi ni ghali. Ni kweli, mara nyingi unazidi bei. Lakini kuuliza ni bure, na anayenunua waya wa bei rahisi mara tatu kwa mwaka amekwishalipa ule wa bei ghali bila kuupata. Isitoshe, wengi wetu hatuhitaji waya wa wati 240. Laptopu ya wati 45 inatosheka na waya mzuri wa wati 60. Kujua kiwango kunaweza kupunguza matumizi, siyo kuongeza tu.

Lakini mteja peke yake hawezi kubeba mzigo huu wote, na hapo ndipo serikali inapoingia. Umoja wa Ulaya ulikwishaamua. Sheria yake ya chaja moja ilianza kwa simu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe yake ni 28 Aprili 2026. Sheria hiyo hailazimishi umbo la tundu tu. Inataka boksi la kifaa lionyeshe wati za chini na za juu ambazo kifaa kinahitaji. Walikadiria kwamba chaja zilizotupwa au zisizotumika ni tani 11,000 za taka kwa mwaka. Laptopu hizo za Ulaya ndizo zitakazokuwa mitumba yetu baada ya miaka michache. Zitakuja na tundu la USB-C, mara nyingi bila chaja, na sisi tutazikaribisha kwa nyaya zisizo na jina.

Kwa hiyo ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, ina kazi nyepesi ya kuanza nayo: hakuna waya wa USB-C wala chaja iingie sokoni bila wati zake kuandikwa kwenye kifaa chenyewe, siyo kwenye mfuko wa nailoni unaotupwa. Kwa kuwa bidhaa hizi huvuka kutoka Kigoma, Kampala na Nairobi, kanuni hiyo ingefaa zaidi ikiwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, ambayo Burundi ni mwanachama tangu 2007. Na serikali ni mnunuzi pia. Mwaka 2025 nchi ilipangwa upya kuwa mikoa 5 na tarafa 42, Rumonge ikaingia mkoa wa Burunga. Ofisi hizo zitanunua laptopu. Kila zabuni ya laptopu ya tarafa, ya shule au ya kituo cha afya iwe na mstari mmoja: ipokee chaji kwa USB-C kwa utaratibu wa PD, na ije na chaja na waya vilivyoandikwa wati. Mstari huo haugharimu faranga hata moja kuuandika, na mahali penye sola pasipo na nguzo ya REGIDESO ndio utakaoamua kama mashine itafanya kazi au itafunikwa kitambaa.

Wakati tunaingoja kanuni hiyo, maswali matatu yanatosha kibandani. Tundu hili linapokea umeme, au linatoa tu? Chaja hii ina volti 20, na kwa ampea ngapi? Waya huu ni wa wati ngapi, na umeandikwa wapi? Muuzaji akishindwa kujibu, nenda kwa jirani yake. Wateja ishirini wakifanya hivyo katika wiki moja, wiki ijayo muuzaji huyo atakuwa amejifunza kusoma chaja zake, na akienda kuagiza mzigo mwingine ataagiza wenye maandishi.